Ameacha Unga, Sasa Ameshikwa na Pombe: Mama, Ufanye Nini?

"Afadhali pombe kuliko unga." Maneno hayo husemwa na wake na wazazi wengi walioteseka miaka mingi na mume au kijana aliyekuwa mtumwa wa heroini. Mtu huyo alikwisha kuuza redio, magodoro, hata sufuria za jikoni. Alikwisha kulala mahabusu. Kisha, kwa neema ya Mungu na kwa msaada wa waganga, akaacha. Akarudi nyumbani, akanenepa, akaanza kutafuta kazi. Sasa akipita kilabuni jioni na kunywa komoni pamoja na wenzake, nani atakayethubutu kumgombeza? Watu wote nyumbani wanashukuru kwamba si unga.

Lakini je, ni afadhali kweli? Kwa mtu asiyewahi kutumia unga, ulevi wa pombe ni msiba. Kwa yule aliyewahi kuutumia, na hasa kwa yule anayeendelea kunywa dawa ya methadoni, pombe inaweza kumuua usiku mmoja akiwa amelala kando yako. Ndiyo maana mwezi huu tunazungumza na akina mama juu ya jambo hili. Tunaeleza kwa nini linatokea, lina hatari gani, na hospitali inaweza kufanya nini.

KWA NINI ANAHAMIA KWENYE POMBE?

Heroini, ambayo mitaani huitwa unga, ni ya jamii ya afyuni. Ndugu zake ni mofini na pethidini za hospitalini, kodeini iliyomo katika baadhi ya dawa za kikohozi, na vidonge vya tramadoli. Muumba wetu ameweka ndani ya ubongo kemikali zinazotuliza maumivu na kuleta raha. Heroini huingia katika kitasa kilekile cha kemikali hizo, kama ufunguo bandia. Pombe nayo, kwa njia yake, huufanya ubongo uzimwage kemikali hizo kwa wingi. Kwa hiyo milango hii miwili iko jirani sana. Mtu aliyefunga mmoja hujikuta amesimama mbele ya mwingine.

Tena, kuacha unga huacha pengo. Siku nzima iliyokuwa inaishia katika kutafuta kete sasa ni tupu. Usingizi hauji. Aibu inamrudia, anakumbuka aliowaibia na waliomfukuza. Kazi hana, na marafiki aliobaki nao ni walewale wa zamani. Pombe ni halali, inauzwa nyumba ya tatu kutoka kwake, na hakuna polisi atakayemkamata kwa kuinywa. Kule Iringa, masika yakifika, ulanzi hugemwa kila mahali penye mianzi. Hapa Mbeya kuna komoni na kimpumu, bila kutaja gongo inayopikwa kwa siri. Viroba, zile pombe kali za mifuko ya plastiki, vilipigwa marufuku na Serikali tarehe 1 Machi 2017, lakini kiu iliyokuwa ikivinunua haikupigwa marufuku.

TIBA ILIVYOFIKA MBEYA

Zamani kijana wa Mbeya aliyeshikwa na unga hakuwa na pa kwenda isipokuwa kufungiwa ndani na ndugu zake, au kupelekwa mbali. Kliniki ya kwanza ya Serikali ya kutoa methadoni ilifunguliwa Februari 2011 katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Baadaye zikafuata za Mwananyamala na Temeke. Mwaka 2017 huduma hiyo ikafika kwetu, katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Hilo lilikuwa jambo kubwa, kwa kuwa kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 800, na mgonjwa wa methadoni kwa kawaida hupaswa kufika kliniki kila siku na kunywa dawa yake mbele ya mhudumu. Huduma hiyo hutolewa bure.

Methadoni hukaa mwilini muda mrefu, zaidi ya siku nzima. Huondoa arosto, yaani yale maumivu ya kukosa unga, pasipo kumlewesha mtu aliyekwisha kuizoea kwa kipimo chake sahihi. Mgonjwa anaweza kufanya kazi, kulea watoto na kukaa kanisani akasikiliza mahubiri. Lakini methadoni hutibu kiu ya unga tu. Haitibu kiu ya pombe. Hapo ndipo familia nyingi hushangaa: "Mbona anakunywa dawa kila siku na bado analewa?" Ni magonjwa mawili, na kila moja linahitaji tiba yake.

HATARI TATU USIZOZIDHARAU

Ya kwanza ni pumzi. Methadoni hupunguza kasi ya kupumua, na pombe nayo hufanya vivyo hivyo. Kila moja peke yake mwili unaweza kuihimili, lakini zikikutana mtu anaweza kulala na pumzi ikazidi kupungua mpaka ikakoma. Kwa sababu hiyo, mgonjwa anayefika kliniki amelewa huambiwa asubiri au arudi baadaye. Usimkasirikie mhudumu, anamlinda mumeo asife. Hatari huzidi mgonjwa akiongeza na vidonge vya usingizi vya kununua mtaani.

Ya pili ni ini. Wengi waliokuwa wakijidunga kwa kushirikiana sindano walipata homa ya ini ya aina ya C au B, mara nyingi bila kujua. Pombe juu ya ini lililokwisha kuumizwa huharakisha safari ya kuelekea kaburini. Na kama anatumia dawa za kifua kikuu au za Virusi vya UKIMWI, pombe humfanya asahau dozi, na baadhi ya dawa hizo huzidi kuliumiza ini. Mwombe aombe vipimo vya ini. Homa ya ini ya C siku hizi ina dawa ya kuiponya.

Ya tatu ni kurudi kwenye unga. Uamuzi wa mtu mzima akili ni tofauti na uamuzi wa mtu aliyelewa. Akiwa amekunywa, na rafiki wa zamani akatokea na kete, nguvu za kukataa hazipo. Na mwili ambao umekaa muda mrefu bila heroini hauwezi tena kubeba kipimo alichokizoea zamani. Hapo ndipo wengine hufa kwa mara moja tu.

USIMFUNGIE NDANI!

Hapa tunaomba kila mama asome polepole. Familia nyingi zimejifunza kwa uchungu namna ya kumvusha mtu katika arosto ya unga. Humfungia chumbani, humpa uji na chai, humvumilia anapotapika na kulia, na baada ya juma moja hivi hali hutulia. Arosto ya unga ni mateso makali, lakini kwa mtu mwenye afya ni nadra kuua.

Pombe si hivyo. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, akiiacha ghafula, anaweza kufa. Saa 6 hadi 24 tangu alipokunywa mara ya mwisho, mikono huanza kutetemeka, jasho linamtoka, moyo unakwenda mbio. Ndani ya siku mbili za kwanza anaweza kupatwa na degedege kama la kifafa. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huchanganyikiwa kabisa, wakaona wadudu ukutani au watu wasiokuwapo, na homa ikapanda. Majirani husema amerogwa au ana mapepo. Mama, huo ni ugonjwa wa kuacha pombe ghafula, na mahali pake ni hospitali, usiku huohuo.

Hospitalini hupewa dawa za kutuliza ubongo kwa vipimo vinavyopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1, ambayo walevi wengi wameishiwa nayo kwa kutokula. Kwa mgonjwa wa methadoni kazi hii ni ya uangalifu mkubwa zaidi, maana dawa hizo za kutuliza nazo hupunguza pumzi. Kwa hiyo usimnunulie diazepamu dukani ukadhani unamsaidia. Wala asiache methadoni ili "aanze upya". Aendelee nayo, na daktari ajue yote mawili.

DAWA ZA KUMSAIDIA KUACHA POMBE

Baada ya mwili kutulia, kazi kubwa ni kubaki bila pombe. Zipo dawa tatu zinazojulikana duniani. Si zote zinazopatikana katika kila hospitali, lakini ni vema mama azijue ili aweze kuzungumza na daktari.

Naltreksoni. Dawa hii hufunga kile kitasa tulichokitaja, hata pombe isilete raha iliyozoeleka. Nchini Marekani ilikubaliwa kwanza kwa tiba ya afyuni mwaka 1984, na kwa ulevi wa pombe mwaka 1994. Kwa mtu aliyeacha unga kabisa na hatumii methadoni, inaweza kumlinda pande zote mbili. Lakini sikia: mtu anayetumia methadoni asiiguse kamwe! Itaing'oa methadoni kutoka mahali pake na kumtupa katika arosto kali mno ndani ya muda mfupi. Kabla ya kuianza, mtu hana budi kuwa amekaa siku 7 hadi 10 bila heroini, kodeini au tramadoli, na siku nyingi zaidi kama ametoka kwenye methadoni. Akiumia ajalini, madaktari waambiwe kwamba anaitumia, maana dawa za maumivu kama mofini hazitafanya kazi kama kawaida. Na akiiacha, akumbuke kwamba mwili wake ni kama wa mtu asiyewahi kugusa unga. Akirudia kipimo cha zamani, atakufa.

Akamprosati. Hii hutuliza ule msukosuko wa ubongo unaobaki baada ya kuacha pombe. Haigombani na methadoni, wala haipitii kwenye ini, bali hutolewa na figo. Kwa sababu hiyo figo hupimwa kwanza. Kwa mgonjwa wa methadoni mwenye ini bovu mara nyingi ndiyo inayofikiriwa. Taabu yake ni vidonge vingi, mara tatu kwa siku, na hapo mke mwenye saa na subira ana kazi ya kufanya. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza akamprosati na naltreksoni katika orodha yake ya dawa muhimu.

Disulfiramu. Hii ni ya zamani zaidi. Watafiti wa Denmark walitangaza matumizi yake mwaka 1948. Haiondoi kiu. Kazi yake ni kumwadhibu anayekunywa. Akigusa pombe uso huwaka, moyo hudunda, hutapika, na shinikizo la damu linaweza kushuka vibaya. Haimfai mwenye ugonjwa wa moyo, wala mwenye ini lililoharibika sana. Huanzwa angalau saa 12 baada ya kunywa mara ya mwisho, na nguvu yake huweza kubaki mwilini hadi majuma mawili baada ya kuiacha.

Kuna jambo moja ambalo wakristo tusilisahau. Kwa mtu aliye katika disulfiramu hata kiasi kidogo cha divai kinaweza kuleta taabu. Azungumze mapema na mchungaji au padre wake ili aone namna ya kushiriki Meza ya Bwana pasipo divai yenye kilevi. Asome pia maandishi ya chupa za dawa za kikohozi, maana nyingine zina kilevi ndani yake.

USIMTILIE DAWA KWENYE CHAI

Huzuni ya mke wa mlevi ni kubwa, na ushauri wa majirani ni mwingi. Mmoja atakwambia, "Shoga, mtilie hii kwenye chai, ataichukia pombe mwenyewe." Usifanye hivyo. Ukimtilia disulfiramu kwa siri, naye akaenda kunywa bila kujua, anaweza kuanguka akafa huko kilabuni. Ukimtilia naltreksoni naye yuko katika methadoni, utamwona akigaagaa mbele ya watoto. Na dawa za miti ambazo hakuna anayejua kilichomo zinaweza kulimaliza ini lake. Zaidi ya hayo, mtu aliyewahi kudanganywa na mkewe hataamini tena hata kidonge cha haki.

Njia bora ni ya wazi. Chagua saa ambayo hajalewa, watoto wamelala. Mwambie kwa upole: "Baba watoto, namshukuru Mungu kwa ajili ya ulivyoacha unga. Niliona ulivyoteseka. Lakini usiku wa juzi nilikusikia ukikoroma vibaya, nikaogopa. Naomba twende wote kliniki tukawaeleze na habari ya pombe." Usianze na hesabu ya makosa yake, hesabu hiyo anaijua. Akikataa leo, usikate tamaa. Rudia siku nyingine, tena kwa maneno machache.

Lakini upole si kukubali kupigwa. Kama anakupiga au anatishia watoto, ondoka uende mahali salama, kisha utafute msaada kwa ustawi wa jamii au kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Kuokoa maisha yako si kukosa utii.

JE, KUTUMIA DAWA NI KUKOSA IMANI?

Wapo wanaosema kwamba mtu aliyeokoka hapaswi kunywa methadoni, eti amebadili ulevi mmoja kwa mwingine. Wengine wamewaambia wagonjwa waitupe siku ya maombi. Matokeo yake ni arosto, na baada ya arosto ni unga, na mara nyingine ni jeneza. Tukumbuke kwamba Luka aliyeandika Injili alikuwa tabibu. Na yule Msamaria katika Luka sura ya 10 hakupita akiomba tu. Alifunga vidonda, akamchukua mgonjwa mpaka nyumba ya wageni, akalipa gharama. Maombi na dawa havigombani. Mwenye kisukari huomba na kuchoma sindano yake, na huyu naye aombe na anywe dozi yake.

Neno la ushauri na ushirika wa wenzake ni sehemu ya tiba pia. Mwaka 1935, huko Akron, Marekani, walevi wawili waliokuwa wakijitahidi kuacha waligundua kwamba wakizungumza wao kwa wao waliweza kukaa bila pombe. Hapo ndipo ulipoanza ushirika wa walevi wanaosaidiana, ambao umeenea dunia nzima. Mwaka 1951 wake zao nao wakawa na ushirika wao, kwa sababu waligundua kwamba nyumba nzima huugua. Vikundi vyetu vya akina mama makanisani vinaweza kuwa mahali pa namna hiyo, ikiwa tutajifunza kutunza siri. Mama anayesema habari za mumewe leo asizikute kisimani kesho.

NYUMBA YENYEWE ISAIDIE TIBA

Tuseme ukweli ambao hatupendi kuusema. Katika nyanda zetu akina mama wengi wamesomesha watoto kwa fedha za pombe ya kienyeji. Hatuandiki haya kuwahukumu. Lakini kama mumeo au mwanao ni wa kundi hili, pipa la komoni uani mwake ni kama kumwekea kete mezani. Tafuteni pamoja na wenzako wa kikundi biashara nyingine: mchele, viazi, ndizi, maandazi, mboga, kuku. Haitakuwa rahisi, na faida ya kwanza itakuwa ndogo. Hata hivyo gharama ya msiba ni kubwa zaidi.

Mengine ya kukumbuka ni haya:

Kwanza, mwangalie usingizini. Ukimkuta anakoroma kwa sauti isiyo ya kawaida, anapumua polepole mno, midomo imekuwa ya bluu, au haamki ukimtikisa, usimwache "alale amalize pombe". Mlaze ubavu ili matapishi yasimzibe, usimnyweshe maziwa wala maji, usimmwagie maji ya baridi ukapoteza muda. Tafuta gari au bajaji, mkimbize hospitali, na useme wazi kwamba anatumia methadoni na amekunywa pombe.

Pili, kama amepewa dozi ya methadoni ya kunywea nyumbani, ifungiwe kwa ufunguo. Kipimo cha mtu mzima kinaweza kumuua mtoto.

Tatu, kama mgonjwa ni binti yako au wewe mwenyewe, na una mimba, usiache methadoni ghafula. Mwambie mkunga na kliniki. Pombe ndiyo ya kuachwa, nayo pia kwa msaada wa daktari, kwa maana humdhuru mtoto tumboni.

Nne, mpe kazi na nafasi. Mtu anayeaminiwa kupeleka mtoto shule au kuhesabu fedha za mauzo ya siku, kidogo kidogo, anapata sababu ya kuamka bila pombe.

Tano, akianguka, usihesabu kwamba yote yamepotea. Wengi huanguka mara mbili, mara tatu, kabla ya kusimama. Kinachotakiwa ni arudi kliniki asubuhi inayofuata na aseme ukweli.

Mwezi Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kusemwa ni salama kwa afya. Kama hivyo ndivyo kwa watu wote, basi kwa aliyewahi kushikwa na unga hakuna nafasi ya "kidogo tu". Mama, usiridhike na nusu ya kupona. Mungu aliyemtoa mumeo au mwanao katika unga hakumtoa ili afie kilabuni. Kesho asubuhi anapojiandaa kwenda kunywa dozi yake, vaa kitenge chako, mfuatane hadi kliniki, na mkamwambie mhudumu habari yote.